Saruji Niliyomtumia Baba

Mwaka 2012 nilikuwa Dar es Salaam, mhasibu kwenye kampuni moja ya usafirishaji, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nafika tarehe 20 ya mwezi bado nina hela. Nikamtumia baba za kununulia mifuko 40 ya saruji. Nyumba yetu ya Iringa mjini, ile yenye maduka matatu mbele na vyumba vya kuishi nyuma, ilikuwa imechakaa uso. Chokaa inabanduka, rangi ya bluu imepauka hadi imekuwa kama jivu, na mimi nikija likizo nilikuwa naona haya hata kuipiga picha. Baba akaita mafundi. Wakapiga lipu ya saruji mbele na nyuma, kutoka ardhini hadi chini ya mabati, wakamalizia na rangi ya krimu. Jioni yake akanipigia simu.

"Mwanangu, umenivika suti."

Nilijivunia maneno yale miaka mingi. Sikujua kwamba suti yenyewe ilikuwa inamkaba mvaaji.

Nyumba ni ya enzi ya Mwingereza. Aliijenga mfanyabiashara wa Kihindi, mitaa ya katikati, si mbali na Soko Kuu, kwa mtindo ambao ukitembea Iringa ya zamani utakutana nao mara kwa mara: duka mbele, familia nyuma, ua katikati, na baraza ndefu yenye nguzo za mbao inayotazama barabara. Kuta ni matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa udongo, kisha zikapakwa chokaa nje na ndani. Unene wake ni kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mwezi wa saba, baridi ya Iringa inapong'ata masikio, ukiingia humo unavua sweta.

Baba alianza kama mpangaji wa fremu ya pembeni, fundi cherehani. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya Serikali kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wakiyapangisha, na majumba mengi ya wafanyabiashara mijini yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Hii yetu haikufika thamani hiyo, na mwenyewe alikuwa akilala humo humo. Unyonge wake ukaiponya. Miaka michache baadaye yule mzee alipohama nchi, baba akainunua kwa hela ya kushona sare za shule, akailipa kidogo kidogo.

Alifariki 2019. Tulipomaliza arobaini tukakaa kikao uani: watoto watano, shangazi, na baba mkubwa akiwa kwenye kiti cha baba. Kaka yangu mkubwa alikuwa na karatasi kutoka kwa dalali. Kuna mtu anataka kiwanja. Atabomoa, atajenga ghorofa nne, sisi tutapata fremu nne za chini, kodi yake tule sisi na wajukuu. Kwenye karatasi ilipendeza. Na ukweli niuseme: mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Ule ukuta wa mbele nilioulipia mwenyewe ulikuwa umeanza kutoa kitumbo, rangi inatoka magamba, na mvua za mwaka huo zilikuwa zimeacha doa la unyevu lililopanda hadi usawa wa dirisha. Nikasema nyumba imezeeka, tuiache ikapumzike na mwenyewe.

Aliyekwamisha ni shangazi. Mambo ya historia hayakumhusu. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo miaka miwili ya kujenga, kodi ya hizi fremu tatu atatulipa nani?" Hakuna aliyejibu. Akanyoosha mdomo kuelekea mtaa wa pili, ambako jengo la makubaliano kama hayo lilikuwa limekwamia ghorofa ya pili, nondo zimechomoza angani zinakula kutu, na wenye kiwanja wamepanga Kihesa.

Baba mkubwa naye alikuwa na lake, zito kuliko hesabu. Mpwa wangu anayesoma sheria alipotamka neno urithi, mzee alimkata hapo hapo. Urithi wa nani? Mji huu, alisema, umepewa jina la ukuta. Lilinga kwa Kihehe ni ngome, na ngome yenyewe ilikuwa ya Mkwawa, kule Kalenga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakaipiga mizinga wakaivunja. Halafu wakapanda huku mlimani, 1896, wakaanza mji wao, wakaupa jina la kile walichokivunja. "Leo mniambie niililie nyumba ya Mjerumani, ya Mwingereza na ya Mhindi. Ya kwetu iko wapi?"

Siku ile sikuwa na la kumjibu. Nililo nalo sasa limepatikana kwa kubandua ukuta, na hata hivyo halijamridhisha.

Mwaka uliofuata kazi yangu ya Dar iliisha pamoja na za wengine wengi, nikarudi nyumbani na masanduku mawili. Nikaingia chumba cha baba. Krismasi ya 2020 tukiwa mezani, kaka akaniwekea simu usoni: sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la 1883 pale Mji Mkongwe, Zanzibar, imeanguka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wamekufa. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. "Jumba la Sultani lenye wafadhili limeanguka," kaka alisema. "Sembuse letu la udongo?"

Hoja hiyo naiheshimu mpaka leo. Jengo la kale lililoachwa bila kutunzwa linaua, na mara nyingi wanaolisifu kwa maneno matamu sio wanaolala chini ya dari lake. Mimi nilikuwa nalala humo. Usiku wa mvua nilikuwa nausikiliza ukuta.

Mafundi watatu wa kwanza niliowaita walisema bomoa. Wa nne alikuwa mzee mkavu, mtu wa upande wa Tosamaganga, uashi aliufundishwa misheni akiwa kijana. Alikuja kwa daladala, nyundo moja ndani ya kiroba.

"Kamwene."

"Kamwene, babu."

Ule ufa uliokuwa ukininyima usingizi hata hakuutazama. Alianza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, hatua kwa hatua kutoka kona ya kushoto, kama mtu anayebisha hodi usiku wa manane. Huku juu ulitoa sauti ya kushiba. Kuanzia usawa wa dirisha kushuka chini, ukawa unalia kama ngoma.

"Umesikia, mama? Lipu na ukuta walishaachana siku nyingi. Wanaishi tu nyumba moja."

Akachomeka ncha ya nyundo kwenye ufa, akakandamiza. Kipande kikubwa kama mlango kikatoka kwa mara moja, kikaanguka barazani kikiwa kizima, kigumu, hakina hata doa. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa maji. Harufu iliyotoka ilikuwa ya kisima. Babu alichomeka kidole chake cha shahada kati ya tofali na tofali, kikazama hadi kiungo cha pili kama kwenye ugali wa moto, akakichomoa, akakifuta kwenye suruali.

"Nani alipiga hii?"

"Mafundi wa baba."

"Kwa hela ya nani?"

"Yangu."

Hakucheka wala hakunilaumu. Alivuta tofali lililovunjika, akalikalia, akanieleza jambo ambalo miaka minane nyuma lingeniokolea mifuko 40. Nyumba za namna hii hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Aliyejenga alijua, ndiyo maana akapaka chokaa: chokaa ina vitundu, maji yanayopanda yanatokea nje, jua na upepo vinayachukua. Ukuta unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, unaishi. Ukiuziba kwa saruji, maji hayakosi kupanda. Yanakosa pa kutokea. Basi yanapanda juu zaidi kutafuta upenyo, yanalainisha udongo ulioshika matofali, na chumvi inayokuja nayo inamega uso wa tofali chembe kwa chembe. Hayo yote yanafanyika gizani, nyuma ya rangi nzuri ya krimu, mpaka siku ukuta utakapotoa tumbo, na mwenye nyumba atasema imezeeka.

Kilichonichoma ni kwamba kabla ya suti yangu ile nyumba ilikuwa mbaya wa sura tu. Ugonjwa niliuleta mimi, kwa upendo, kwa njia ya simu.

Nilirudi kwenye kikao na ombi la miaka mitatu. Nitengeneze kwa akiba yangu ya kuachishwa kazi, na ikifika mwaka wa tatu nyumba haijajilipa, karatasi ya dalali itolewe kabatini na mimi nisaini wa kwanza. Kaka alikubali haraka, nadhani kwa kuwa aliona nitashindwa.

Chokaa ya mawe tuliagiza Songwe, upande wa Mbeya, ambako watu wanachoma mawe ya chokaa kwenye tanuru za kienyeji. Huko huko kuna kiwanda cha saruji. Kilima kile kile kinatoa dawa ya ukuta wangu na sumu yake, na kosa si la kilima. Nisijifanye mtakatifu pia: tanuru zile zinakula kuni, na nilipoona lori likishusha mzigo nilijua kuna msitu mahali umelipa.

Siku ya kuzima chokaa babu alinikataza kusogea bila miwani. Pipa la chuma, maji nusu, halafu mawe meupe yanaingia moja moja kwa koleo refu. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Kisha jiwe linaanza kulia kama mafuta ya maandazi, linapasuka, maji yanachemka bila moto, mvuke unapanda hadi kwenye mabati, na pipa linakuwa la moto huwezi kuligusa. Watoto wa mtaa walijaa mlangoni. Uji ule tukauacha ndani ya maji wiki nyingi, tukaufunika gunia, hadi ukawa kama mtindi mzito unaokatika kwa kisu. Ndipo ukachujwa na kuchanganywa na mchanga wa Ruaha Mdogo. Na hata baada ya kupigwa ukutani, lipu hiyo huwezi kuiacha juani: tulitundika magunia yenye maji mbele yake, tukayalowesha asubuhi na jioni, kama mtu anayelea mtoto mwenye homa. Wapita njia walikuwa wanauliza kama nyumba ina msiba.

Uhasibu wangu haukulala. Kazi yote, ukuta wa mbele, baraza, gata mpya, mbao za misindano kutoka Mafinga za kurekebisha kenchi mbili, na milango, ilikula shilingi milioni 11 na laki 4. Nilipozipanga risiti sakafuni nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Zaidi ya milioni 7 zilikuwa mikono ya watu. Babu, wanawe wawili, saidia fundi watano, seremala wa Mlandege, mama aliyewapikia. Vifaa vilikuwa sehemu ndogo, kwa sababu vifaa vikuu tayari vilikuwa vimesimama: matofali yaleyale, tuliyachomoa, tukayasugua, tukayarudisha. Ghorofa ya kwenye karatasi ya kaka ingekuwa kinyume chake. Nondo, saruji, marumaru, vioo na alumini, hela inapanda lori na kushuka mlima siku hiyo hiyo. Ya kwangu ilizunguka Iringa. Nyingine niliiona kwa macho ikigeuka kuwa ada ya shule ya mjukuu wa babu.

Tulipokuwa tukisugua matofali ndipo nilipoona vidole. Tofali la nne kutoka chini, karibu na mlango wa fremu ya kati, lina alama tatu za vidole vya mtu aliyelibeba likiwa bichi, kabla halijaingia kwenye tanuru. Nikatafuta, nikakuta mengine. Moja lina kiganja kidogo, cha mtoto au cha mwanamke. Nikamwita baba mkubwa. Alikuja na fimbo yake, akainama kwa taabu, akaweka vidole vyake kwenye vile vitundu. Vikaenea.

"Hivi si vya Mhindi," nilimwambia.

Alinyamaza kitambo. "Na hawa walilipwa kiasi gani?"

Hakuna daftari linalosema. Lakini tofali lile hatukulipiga lipu. Tumeliacha wazi, limezungushiwa fremu ya mbao, na baba mkubwa akija mjini husimama hapo kabla ya kukaa. Bado anasema anayeitunza nyumba ya duka aitunze na Kalenga, ambako zile kuta za ngome yamebaki mabaki tu. Hapo namuunga mkono. Wahehe wenyewe ni mashahidi kwamba kitu cha kale si anasa: Mkwawa alipojiua 1898 fuvu lake likapelekwa Ujerumani, kurudishwa kwake kukaandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na lilirudi 1954. Miaka 56. Leo liko Kalenga, kwenye nyumba ndogo ya makumbusho, na watu wanalipa kiingilio kulitazama.

Kitu kingine kilitokea nyuma ya kabati la duka. Kabati hilo halikuwahi kusogezwa tangu enzi za yule mzee, na nyuma yake ukuta una safu za maandishi ya penseli, herufi zinazoning'inia kama nguo kwenye kamba, na tarakimu. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alikuja kutusomea, kwa kuwa ni Kigujarati. Ni madeni. Sukari, mafuta ya taa, kaniki, chumvi. Baadhi ya majina yamefutwa kwa mstari, yaani wamelipa. Mmoja hakufutwa, na hana jina, ameandikwa tu: mtu wa Kalenga. Babu yangu mzaa baba alikuwa wa Kalenga. Shangazi amepiga marufuku mjadala huo.

Pale ndipo mgahawa ulipozaliwa. Fremu ya kati niliiacha bila mpangaji, nikaweka meza sita, nyingine zikatokea uani. Chai ya maziwa, vitumbua, makande, kuku wa kienyeji kwa oda. Ukuta wa madeni nimeuwekea kioo. Siku za mwanzo nilidhani wateja wangu watakuwa wazungu wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha, ambayo iko kama kilomita 130 kutoka hapa. Wanakuja, kweli. Lakini wengi kwa idadi ni watu wetu: watumishi wa semina, wanafunzi wa chuo, maharusi wanaotaka kupigwa picha barazani, na wazee wanaokuja kuonyesha wajukuu jinsi duka lilivyokuwa.

Hesabu ya mji mzima nimeielewa kupitia meza hizo sita. Zamani mabasi yalikuwa yanapanda hadi stendi ya mjini, abiria anashuka, ananunua chapati, anaangalia vitenge. Tangu stendi kuu ihamie Igumbilo, kule chini kwenye barabara kuu, anayepita anapita. Siku hizi mtu akipanda mlima hadi mjini ana sababu. Na sababu haiwezi kuwa fremu za alumini, maana hizo zipo Mbeya, zipo Dodoma, zipo Morogoro. Mgeni wa Ruaha akilala usiku mmoja anaacha hela ya kitanda na mafuta ya gari. Akipata cha kumfanya alale wa pili, anaacha ya bodaboda, ya kikapu, ya mchoraji, ya kinyozi. Kwa hiyo nilianza kuwaelekeza wateja wangu Boma.

Boma la Iringa nilipokuwa mtoto lilikuwa ofisi za serikali. Tulikuwa tunapita pale kwa adabu, sauti chini. Wajerumani walilijenga kuwa hospitali, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa, chini ya mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Mara ya kwanza kuingia nikiwa mtu mzima nilipitisha kiganja ukutani kama babu, nikagonga kidogo. Mlinzi akanitazama. Ule ukuta umeshiba. Ndani kuna vyungu, mikuki, picha za machifu, na nje chai. Jengo lile lile lililojengwa na mkoloni sasa linaeleza habari za watu aliowapiga, na hilo, nadhani, ndilo jibu langu nusu kwa baba mkubwa.

Si kila kilichonenwa kuhusu majengo ya kale nakikubali, lakini. Choo cha uani kilikuwa cha enzi ile ile na nilikibomoa kwa mikono yangu huku nikiimba. Na mtu anayepaka rangi upya nyumba ya kale kwa ajili ya sherehe, huku gata inavuja nyuma, hajatunza chochote.

Tena usitegemee benki. Mwaka wa pili nilitaka mkopo wa kutengeneza upande wa nyuma. Mthamini alikuja na tepu, akapima, akaondoka. Karatasi yake ilikipa kiwanja thamani kubwa na jengo karibu na sifuri, kwa kuwa kwa hesabu ya uchakavu nyumba ya umri huo imeshajimaliza. Kama mhasibu naijua hesabu hiyo, nimeifanya mwenyewe kwa malori. Ila lori halina ukuta wa sentimita 45 ambao ukilishwa chakula chake unarudi ujana. Nilimwambia hivyo. Akasema fomu haina sehemu hiyo.

Sheria nayo? Yule mpwa wangu alichimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1886. Mji huu wa mlimani Wajerumani waliuanza 1896. Tumepitwa miaka 10! Waziri anaweza kulitangaza jengo la baadaye kuwa la kulindwa, lakini hakuna waziri atakayepanda hapa kwa ajili ya duka la kaniki. Sheria hiyo hiyo inaikumbuka milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Mpwa akaenda kuukagua mlango wetu kwa matumaini. Ni mninga mtupu, bawaba nzito, komeo la kuvunja vidole, hauna hata ua moja. Kwa hiyo mitaa yetu yote iko mikononi mwa vikao kama kile chetu cha uani, chenye kaka mwenye karatasi na shangazi mwenye swali.

Mwaka wa tatu ulifika. Fremu mbili zilizobaki nimeweza kuzipandisha kutoka laki moja na elfu 20 hadi laki na nusu kwa mwezi. Majengo mapya ya jirani yanatoza karibu mara mbili, na sitaficha hilo, lakini fremu zao mbili nimeziona zikiwa na karatasi ya "inapangishwa" mwaka mzima, wakati yangu wapangaji hawatoki, kwa sababu baraza inawapa kivuli mchana na mahali pa kupanga mali bila kulipia. Mgahawa, nikishalipa wafanyakazi wawili, mkaa, na kodi za Serikali, unaniachia kiasi. Nilifanya hesabu bila huruma, kama ya kampuni ya mtu mwingine. Zile milioni 11 na laki 4 zilikuwa zimerudi, na elfu 80 juu yake. Nikazipeleka kwenye kikao, nikaweka daftari mbele ya kaka.

Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa. Hakusema neno. Alisimama, akaenda barazani, na kupitia dirishani nikamwona anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kutoka kona ya kushoto.

Karatasi ya dalali bado iko kabatini, sijaichana, maana si yangu peke yangu. Na ukuta wa nyuma bado una saruji yangu ya 2012, kutoka ardhini hadi chini ya mabati, unalia. Chokaa ya kuutibu ipo kwenye pipa chini ya gunia tangu mwezi wa kumi. Mvua zikikatika, babu atakuja na nyundo yake.